Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama wa Anga: pampu ikikauka, tuambieni

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote nakuandikia hadharani, kwa sababu barua tatu nilizoleta ofisini kwako zilipata jibu moja tu: "Suala lako litashughulikiwa ndani ya siku 14." Huu ni mwezi wa saba nangoja. Jumamosi iliyopita rubani mwingine ametua barabarani, matangi matupu, baada ya kukuta imekauka pampu ileile ya mafuta ya uwanja wa ndege niliyoilalamikia katika barua hizo. Nimeshindwa kunyamaza.

Kitabu chako rasmi cha taarifa za anga kinasema uwanja ule una petroli ya ndege. Nilikiamini. Nilitua pale na mwanangu wa miaka 11, nikakuta pampu imefungwa mnyororo, kufuli limeshika kutu. Mlinzi akaniambia, "Mafuta yaliisha zamani, mzee." Notamu, yaani tangazo rasmi la tahadhari kwa marubani, haikuwepo hata moja kuhusu pampu hiyo, na asubuhi ile nilizisoma zote kabla ya kuruka.

Nilipanda nikachovya kijiti kwenye matangi: lita 38. Cessna 172 yangu hunywa kama lita 34 kwa saa, na uwanja wa jirani ulikuwa mwendo wa dakika 35. Nikaona yanatosha. Hapo kosa ni langu, sitalificha: lita 11 kati ya zile hubaki chini ya matangi, haziifikii injini. Zilizosalia zilikuwa za dakika 47 tu, na upepo wa mbisho wa kilomita 55 kwa saa uliirefusha safari ikakaribia dakika 50. Kanuni inataka mchana tubaki na akiba ya dakika 30, usiku 45. Sikuwa nayo. Ilinipasa kulala palepale.

Dakika ya 44 injini ilikohoa mara mbili, ikazimika. Mwanangu akauliza, "Baba, mbona kimya?" Kutoka futi 2,500 ndege kama ile huteleza kilomita 7 hivi hewa ikiwa tulivu, kwa upepo ule sikufika hata 5. Nilitua kwenye shamba lililolimwa, gurudumu la mbele likavunjika. Tulitoka wazima. Bima imekataa kulipa, ndege imelala bandani, na mtoto akisikia injini ya ndege hujifungia ndani.

Najua mtasema marubani ni wazembe. Uzembe upo. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilionya mwaka 2017 kwamba ajali za ndege ndogo zinazotokana na mafuta zilikuwa wastani wa zaidi ya 50 kwa mwaka kati ya 2011 na 2015, na nyingi zilikuwa za matangi kukauka kabisa. Lakini hesabu ya mafuta huanza na kujua yanapatikana wapi, na hilo tunalisoma kwako.

Labda wenye uwanja wanaogopa kukosa ada za kutua wakisema hawana mafuta. Labda ofisini kwako hakuna aliyepewa kazi hiyo. Sijali tena sababu.

Siombi fidia, Mheshimiwa. Naomba notamu. Pampu ikikauka asubuhi, notamu itoke asubuhi hiyohiyo. Notamu tu. Leo ninapoandika, kitabu chako bado kinasema pale kuna mafuta, na kuna mtu anapanga safari yake kwa kitabu hicho.

Wako mtiifu,
Rubani wa ndege binafsi