Jeneza la mafunjo

Mhariri,

Michango ya matanga haikosi kwenye simu zetu. Hema, sufuria za pilau, basi la waombolezaji, jeneza la mbao ngumu lenye vishikio vya kung'aa. Marehemu akiwa hai, nauli ya kwenda kliniki ilimshinda na hakuna aliyemuuliza.

Namkumbuka Profesa Wangari Maathai, aliyefariki Septemba 2011. Aliacha neno kwamba asiwekwe katika jeneza la mbao. Alikuwa amehimiza upanzi wa miti tangu 1977. Iweje mti ukatwe kwa ajili yake? Jeneza likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kisha mwili ukachomwa. Wapo walioguna kwamba hiyo si mila yetu. Huenda. Lakini bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi ingali pale, na jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa humo, alilolipinga 1989, halikujengwa.

Sisemi sote tuchomwe. Mimi mwenyewe nataka udongo. Ninachoomba ni familia zimuulize mzee mapema, angali anakunywa chai yake: azikwe vipi, shamba aachiwe nani, karo ya wajukuu italipwaje. Kwetu kutaja kifo ni uchuro, kisha matanga yakianuliwa ndugu hukutana mahakamani.

Gazeti lako lina kurasa za matangazo ya vifo. Likitenga safu moja ya wakili kutueleza namna ya kuandika wosia, wengi tutaisoma.

Mwalimu mstaafu,
Nyeri