Fizikia si somo la wavulana

Ndugu Mhariri,

Mpango wa kujenga shule 26 za wasichana za sayansi, moja kila mkoa wa Tanzania Bara, kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, naupongeza kwa moyo wote. Lakini wasichana walio wengi wako shule za kata, na huko ndiko mlango unakofungwa mapema.

Binti yangu alipoingia kidato cha tatu alitaka fizikia. Mwalimu akamwambia, "Hilo la wavulana, wewe chukua historia." Na alikuwa amepata B mtihani wa kidato cha pili! Nilikwenda shuleni mara mbili ndipo akakubaliwa. Maabara nako, wavulana wanashika vifaa, wasichana wanaandika majibu na kuosha vyombo.

Anayeacha fizikia hapo hawezi kusoma tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano, na uhandisi unamponyoka akiwa bado mtoto. Wazazi wangapi wanalijua hilo?

Naomba shule zituite kabla watoto hawajachagua masomo, zitueleze kila somo linafungua kozi zipi. Na zamu za kushika vifaa maabara zipangwe kwa orodha ya majina.

Mzazi,
Morogoro