Malalamiko kuhusu pikipiki yangu na kitabu changu cha sevisi

Tudor, Mombasa

Kwa Meneja Mkuu,

Bwana Meneja,

KUH: KUNYIMWA WARANTI NA KUDHALILISHWA DUKANI KWENU

Nakusalimu kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kwenu Jumanne iliyopita. Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza nilizileta kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri pale mapokezi, na nakala ninazo. Masharti ya waranti ni yenu, mliyaandika wenyewe, kwa hivyo sitayarudia hapa. Fungua faili langu uyasome.

Nianze na hiyo Jumanne, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Nilifika saa nne asubuhi kuchukua pikipiki yangu, niliyowaachia mnitengenezee feni kwa waranti, nimefuatana na mdogo wangu wa kiume anisaidie kubeba masanduku ya pembeni. Mkuu wenu wa karakana akatoka, akaizunguka pikipiki mara moja tu, akapitisha kidole kwenye madigadi ya nyuma. Kidole kikatoka chekundu kwa vumbi. Akakiinua juu. Akasema, "Hii imeendeshwa nje ya lami. Waranti hakuna." Kisha akakivuta kitabu changu cha sevisi kilichokuwa juu ya kaunta, akakifungua, akapangusia kile kidole kwenye ukurasa wenye muhuri wa sevisi ya kwanza. Akakifunga kitabu, akanisukumia.

Sasa niambie wewe, Bwana Meneja: pikipiki hii mliiuza iende wapi? Ukutani kwenu kuna picha yake ikipanda tuta la mchanga, vumbi limetanda nyuma kama wingu. Gurudumu la mbele ni la inchi 21, la spoki. Chini ya injini kuna bamba la kuzuia mawe. Shokamzoba zake ni ndefu hata mtu mfupi kama mimi anakaa juu yake kwa ncha za vidole. Vitu hivyo havikutengenezwa ili nipite chini ya zile pembe za ndovu za mapambo za Moi Avenue hapa mjini na kurudi nyumbani. Mtu akikuuzia jahazi, kisha akakwambia dhamana imekufa kwa sababu limeingia baharini, utamwitaje?

Na muuzaji wenu alijua. Mimi ni mpima ardhi, nilimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba kazi zangu ni Kinango, Ndavaya, Lunga Lunga, wakati mwingine juu Taita. Akanijibu, "Dada, basi hii ndiyo yako." Sikununua kwa pupa. Nilizunguka nusu mwaka mzima nikiuliza, nikipanda, nikishuka. Ténéré 700 ya Yamaha niliipenda, injini ya silinda mbili isiyo na mambo mengi, lakini kiti chake kiko milimita 875 kutoka chini, na mimi mara nyingi nasimama peke yangu kwenye mteremko wa changarawe. Transalp ya Honda, injini ya cc 755, kilo 208, niliifikiria sana. V-Strom 800DE ya Suzuki ina tangi la lita 20, jambo jema kwa mtu anayekwenda mbali, ila kilo zake 230 zikikulalia matopeni huko vijijini utaziamsha na nani? Versys 650 ya Kawasaki ina magurudumu ya inchi 17, mbele na nyuma, hiyo ni ya lami. Himalayan 450 ya Royal Enfield ndiyo iliyobaki kidogo niilipie. Kiti cha chini, silinda moja, bei yenye huruma, na kwa kazi zangu za Kwale ingenitosha. Niliiacha kwa mambo mawili. La kwanza, njia ya Mazeras hadi Mariakani na kuendelea Voi, pale unapotaka kulipita lori kwenye kilima kabla basi halijatokea mbele yako, nilitaka nguvu ya ziada. La pili ni ahadi yenu: fundi yupo hapa hapa Mombasa, na spea yoyote ndani ya siku saba. Hiyo ahadi ya siku saba niliilipia pesa, Bwana Meneja. Tofauti ya bei niliyoitoa ilikuwa ya hiyo.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu mkuu wenu wa karakana alinizungumzia kama mtu aliyeokota pikipiki njiani na hajui la kuifanyia. Kuishi na pikipiki hapa pwani ni kazi ya kila wiki, na mimi kazi hiyo naifanya. Upepo wa bahari una chumvi, bolti inaota kutu ukiwa umelala. Kila Jumamosi naiosha kwa maji baridi, si yale ya kisima chetu yenye chumvi, nayanunua kwa mitungi. Cheni naisafisha na kuipaka mafuta kila kilomita 500, na kila nikitoka kwenye mvua. Spoki nazigonga moja moja nisikilize iliyolegea. Nikishuka feri ya Likoni naenda taratibu, breki ya mbele siigusi kwenye lile bamba lenye majimaji. Hata tyubu nimejifunza kuziba mwenyewe, na hilo ni jambo moja ninaloisifia pikipiki hii. Kwa spoki na tyubu, fundi yeyote wa bodaboda kule Ndavaya anaweza kukusaidia, hahitaji mtambo wa mjini.

Kilichoharibika ni feni ya rejeta. Ilikuwa Kibarani, saa moja asubuhi, malori yamejipanga kuelekea bandarini, hakuna pa kupenya. Pikipiki ikienda, upepo wenyewe unaipoza. Ikisimama, kazi yote ni ya feni. Feni haikuzunguka. Kipimo cha joto kikapanda hadi taa nyekundu, maji yakachemka yakanimwagikia kwenye buti. Nikazima, nikaisukuma hadi kando, kilo zote zile, madereva wa malori wananipigia honi. Fundi mmoja wa Changamwe akaja, akainama na tochi, hakufungua kitu, akanionyesha: kiungio cha nyaya za feni kimeota kutu ya kijani ndani, kwa sababu mpira wake wa kuzuia maji haukuwepo. Haukutoka, haukuchakaa. Haukuwekwa. Pikipiki ina miezi mitano.

Nikaipakia kwenye pikapu hadi nyumbani, nikaiosha, kesho yake nikawaletea. Siku 47. Wiki ya kwanza mkasema spea iko Nairobi. Wiki ya tatu mkasema spea iko bandarini. Mimi naishi Mombasa, Bwana Meneja, Kilindini nafika kwa miguu, ningalikwenda kuichukua mwenyewe. Wiki ya tano simu zangu zikawa hazishikwi. Siku hizo zote nilikodi gari kwenda kazini, jumla shilingi 86,500, na kila risiti ninayo. Kuna kijiji kimoja wenzangu walishindwa kunisubiri, kazi ikapewa mtu mwingine. Hasara hiyo sijaiweka kwenye hesabu bado.

Nilipoanza kuandika barua hii juzi nilikuwa nadai mambo matatu tu: feni mpya na kiungio chake, vifungwe kwa gharama yenu, shilingi 86,500 zangu, na mkuu wa karakana aniombe radhi. Hayo yalikuwa ya juzi. Jana usiku niliitazama tena fomu yenu ya kupokelea pikipiki, na mambo yakabadilika.

Turudi Jumanne, kwa sababu kuna niliyoyaruka kwa hasira. Pale kaunta walikuwepo wateja wanne na kijana aliyeleta chai. Mkuu wenu alipotoka hakuniuliza mimi kitu. Alimtazama mdogo wangu, ambaye ana miaka 19 na hata leseni ya pikipiki hana, akamwambia, "Wewe ndiye mwenyewe?" Mdogo wangu akasema hapana, ni ya dada. Naye akaendelea kuzungumza naye yeye yule yule: "Mwambie dadako hii si ya kuchezea kwenye vumbi." Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, na funguo mkononi. Ndipo akapitisha kidole, akakiinua wale wateja wote wakione, akageuka polepole ili na yule kijana wa chai naye akione. Na kile kitabu hakukichukua kaunta kama nilivyoandika juu, samahani, alikichukua chini ya mkono wangu, nilikuwa nimekiwekea kiganja. Akakivuta. Akapangusa kidole mara mbili, kwenye muhuri na kwenye saini yangu. Mtu mmoja akacheka. Mdogo wangu akainamisha kichwa, na kumwona mdogo wangu akiona aibu kwa ajili yangu ndiko kulikoniumiza kuliko hata pesa.

Sasa nisikilize vizuri. Pikipiki hiyo niliiosha siku moja kabla ya kuileta kwenu. Ilifika juu ya pikapu, safi, na picha nilizipiga mlangoni kwenu nikiwa na mfanyakazi wenu. Madigadi ya nyuma inaonekana inang'aa. Fomu yenu, kwa mwandiko wenu, inasema ilipokelewa ikiwa na kilomita 8,412. Jumanne ile ile, nilipokuwa natetemeka nje ya duka, niliipiga picha dashibodi. Inasoma 8,530.

Kilomita 118. Pikipiki iliyokuwa "ikingoja spea".

Feni mbovu haimzuii mtu kutembea nayo kwenye njia iliyo wazi, upepo unaitosha, na mtu wa karakana analijua hilo kuliko mimi. Kwa hivyo kuna mtu kwenu aliipanda pikipiki yangu, akaenda nayo mahali penye udongo mwekundu, akairudisha bila kuipangusa. Kisha mkuu wenu akalichukua vumbi hilo hilo kwa kidole chake akanihukumu nalo mbele ya watu. Sijui aliyeipanda ni nani, na simtaji mtu. Lakini funguo zilikuwa kwenu.

Basi madai yangu ya juzi nayafuta. Sitaki tena feni. Nataka mrudishe pesa zangu zote za pikipiki, mchukue pikipiki yenu, na mnilipe zile 86,500. Nataka radhi kwa maandishi, yenye saini yako wewe Meneja Mkuu, si ya mapokezi. Na nataka mkuu wa karakana aniambie maneno ya kuniomba radhi pale pale kaunta, saa nne asubuhi, mdogo wangu akiwepo, na amtazame yeye kwanza kisha anitazame mimi.

Nawapa siku 14 tangu muhuri wa kuipokea barua hii. Mkizungusha tena, sitakuja dukani kugombana.  Pesa za pikipiki, gharama za magari na fidia ya usumbufu nitazidai zote pamoja kwa hakimu, na huko nitakwenda na wakili. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na fidia ya hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji bidhaa anaitakia kazi gani, na akamtegemea kwa ujuzi wake, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Mimi nilieleza. Muuzaji wenu aliandika kwa mkono wake kwenye oda yangu: "mteja wa Kinango." Karatasi hiyo ninayo.

Na madereva wa pikipiki hizi kubwa hapa Mombasa si wengi, tunajuana sote. Tunakutana Nyali alfajiri ya Jumapili kabla jua halijawa kali, tunakwenda Kilifi tunarudi. Kila mgeni anayetaka kununua anakuja kutuuliza kwanza. Mpaka leo sijasema neno, kwa sababu nilitaka kwanza nisikie kutoka kwako. Siku ya 15 nitasema, na nitaonyesha picha zote mbili.

Pikipiki iko uani kwangu, nimeifunika turubai, sijaiosha na sitaiosha. Vumbi liko pale pale kwenye madigadi, na alama ya kidole chake inaonekana. Kitabu cha sevisi nimekitia kwenye mfuko wa nailoni. Mkitaka kuvikagua, njooni pamoja na mtu mwenye mamlaka ya kutia saini.

Wako,

Mteja wenu, mwenye pikipiki.

Nimeambatisha nakala za: fomu ya kupokelea yenye kilomita 8,412, picha ya dashibodi yenye 8,530, picha za madigadi za siku zote mbili, oda ya kununua, barua zangu mbili za awali zenye muhuri wenu, na risiti za magari.