Shemeji, njoo tukatazame ndege

Shemeji yangu wa Wete,

Assalamu alaikum. Kicheko chako cha juzi kwenye simu nilikisikia, na dada yako alikisikia zaidi. Eti watu wazima, wana gari na watoto, Jumapili nzima hawana pa kwenda ila uwanja wa ndege wa Unguja, kutazama ndege wasizozipanda! Kwa vile ulinicheka mbele ya watu, na mimi nakujibu mbele ya watu.

Hiyo "Jumapili nzima" umeitia chumvi. Tunatoka alasiri imeshasaliwa, jua limepunguza ukali. Mnazi Mmoja, Kilimani, Migombani, Mazizini, tunakwenda kwa starehe, daladala za 505 zinatupita kwa honi na sisi hatushughuliki. Dada yako kapakata bakuli la bajia, chupa ya chai iko miguuni, na wapwa zako huko nyuma washaanza kubishana: itakayoshuka mwanzo ni ya pangaboi au jeti?

Sasa, kabla ya kuegesha kuna swali ambalo wewe, mtoto wa pwani, ndiye wa kulijibu: leo upepo gani? Njia ya kurukia na kutulia pale uwanjani imelazwa kaskazini kwa kusini, kiasi cha mita 3,000, na kila ncha ina namba yake. Ya upande wa mjini ni 18, ya upande wa Fumba ni 36. Ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho: anayetua kwa ncha ya 18 anaelekea nyuzi 180, kusini hasa. Na ndege hutua ikiukabili upepo. Ikiwa angani inakwenda kilomita 240 kwa saa na mbele yake kuna upepo wa 25, basi ardhini inagusa kwa 215 tu, breki zinapata nafuu. Kwa hiyo kaskazi ikivuma tunakwenda njia ya Fumba, zinaingia zikitokea baharini. Kusi ikishika, kama sasa, zinakuja kwa upande wa mjini, chini kabisa juu ya mapaa ya Kiembe Samaki. Upepo uleule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na kuyarudisha ndio unaotwambia twende upande gani. Tanga mbili, ule msimu wa upepo kugeuka-geuka, ndiyo inayotuchezea. Unakaa huku, zinashukia kule.

Lakini utamu wenyewe ni huu. Kusi haiji sawasawa na njia, inatokea kusini mashariki, inaisukuma ndege ubavuni. Rubani anaielekeza pua kushoto kidogo, kwenye upepo, na ndege nzima inakuja upande upande, ukiitazama unasema hii inakwenda porini. Ikishakaribia chini pua inanyooshwa, mara nyingi tairi za upande wa upepo zinagusa kwanza, halafu za pili. Hapo unaona moshi kidogo: tairi zilikuwa zimesimama, ghafla zinalazimishwa kuzunguka kwa mwendo wote ule. Mpwa wako mdogo huziba masikio na kufumbua macho mpaka yanataka kutoka.

Wanawe dada yako wanapenda majeti makubwa yanayoleta watalii wa Ulaya. Mimi napenda ATR, hiyo ya pangaboi. Mbawa ziko juu ya mwili, kila injini ina panga sita, inavuma kwa adabu. Cessna Caravan nazo, zile ndogo, injini moja, abiria kama kumi na mbili, ukiiona inasubiri kushuka nyuma ya jeti usidhani imesahauliwa. Mbawa za ndege kubwa huacha nyuma yake hewa inayozunguka kwa nguvu, na mdogo akiingia humo anaweza kupinduka. Wewe umepanda ngalawa, unajua linavyokuwa wimbi la boti la abiria likishapita.

Najua utaniambia na Pemba kiwanja kipo, pale Chake. Kipo, Mungu akibariki. Lakini baina ya ndege moja na nyengine mtu anamaliza chai, anaosha vikombe na kuvianika.

Jambo moja tu nakuomba, na nakuomba kwa kuwa nakujua. Simu yako ikae mfukoni. Sisi hukaa nje, mbali na uzio, pembeni mwa njia ya watu, na akija askari akasema sogeeni tunasogea tukiwa bado tunatafuna. Sitaki kuja kukutolea maelezo kituoni kwa ajili ya picha ya tairi.

Boti ya Ijumaa ikikuwahi, Jumapili twende. Petroli juu yangu, bajia juu ya dada yako. Wewe lete karanga, na safari hii zifike Unguja hujazimaliza njiani.