Saa nzima ya kumlisha mgonjwa kwa mpira: mnalipia nini?

Lalamiko la familia za wagonjwa tunaowauguza nyumbani limerudi tena, safari hii kwa maneno makali: nesi wetu amekaa saa nzima na chakula kimepita dakika kumi tu, kwa hiyo tunavuta muda ili bili ipande.

Mgonjwa aliyepasuliwa saratani ya ulimi, taya au koo hupaliwa kwa urahisi. Kabla ya kumlisha kwa mpira unaopita puani hadi tumboni tunainua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, tunaangalia alama ya mpira pale unapotokea puani kama imesogea, tunapitisha maji mililita 30. Chakula kinashuka chenyewe, hatusukumi. Maji tena, kisha anabaki ameketi walau nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo mnayoiita kukaa bure. Akilazwa mapema chakula hupanda, kikaingia mapafuni, mkarudi wodini na nimonia.

Familia moja ilitukatisha zamu ya jioni. Haki yao, na kulisha tulishawafundisha. Ila walisaga vidonge vyote pamoja, wakavichanganya na chakula, maji wakayaruka. Mpira ukaziba. Mmoja akauchokonoa kwa waya! Ikabidi hospitali, mpira mpya, na eksirei ya kuhakikisha umefika tumboni. Walichookoa kwenye zamu hakikufika hata nusu ya gharama hiyo.

Kingine kinachokatwa haraka ni mazoezi ya taya, eti atafanya mwenyewe. Hafanyi, yanauma. Misuli hukakamaa, hasa baada ya mionzi, na mdomo usiofunguka milimita 35 tayari una tatizo. Tumewahi kurudishiwa mgonjwa ambaye hata kidole hakipiti katikati ya meno; mswaki ulikuwa haufiki nyuma, achilia mbali daktari wa meno. Ndiyo maana nesi anabeba rula ya kupimia mdomo.

Mwenye tundu la kupumulia shingoni ana kazi yake: mrija wa ndani kutolewa na kusafishwa, hewa kutiwa unyevu ili kohozi lisigande. Aliyeondolewa zoloto (kisanduku cha sauti kooni) lote anapumulia hapo tu, hivyo hata oksijeni huwekwa shingoni. Hili tunawafundisha wote nyumbani bila malipo.

Mwenye shaka na bili aombe daftari la ziara. Na mtaalamu wa kumeza akishamruhusu mgonjwa kula kwa mdomo, sisi wenyewe tutawaambia mpunguze ziara. Kufupisha ziara hatukubali.