Kombe la Gossage latimiza miaka mia, mbona kimya?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo naona linatupita bila kutajwa. Tangu Kenya, Uganda na Tanzania zipewe uenyeji wa pamoja wa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, na hasa baada ya michuano ya CHAN, ile ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao, iliyochezwa katika nchi hizo tatu mwezi Agosti 2025, watangazaji na waandishi wengi wamekuwa wakisema kwamba soka ndiyo kwanza inatukutanisha. Kwa uenyeji wa michuano mikubwa kama hiyo, ni kweli. Kwa soka yenyewe si kweli hata kidogo, kwa kuwa majirani hawa walianza kugombea kombe lao mwaka 1926, na mwaka huu wa 2026 linatimiza miaka mia moja.

Kombe hilo liliitwa Gossage, nalo lilitolewa na kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza sabuni. (Huandikwa mara nyingi kwamba mtoaji alikuwa William Gossage mwenyewe. Mwasisi huyo wa kampuni alifariki mwaka 1877, kwa hiyo sijui kombe angelikabidhi vipi.) Kenya na Uganda zilikutana Nairobi, zikatoka sare ya 1-1, mchezo ukarudiwa na Kenya ikashinda 2-1. Kwa karibu miaka ishirini mashindano yalibaki kuwa ya wawili hao tu, mpaka Tanganyika ilipoingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949.

Hapo ndipo penye jambo linaloniuma kama Mtanzania. Vijana wetu wanakumbushwa kila mara kwamba Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika za 1980 kule Nigeria, lakini ni wachache mno waliowahi kuambiwa kwamba Tanganyika ilitwaa Kombe la Gossage mara tatu mfululizo, mwaka 1949, 1950 na 1951, ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza, na kwamba lilirudi tena nyumbani mwaka 1964 na 1965. Nadhani tumezoea kuianza historia ya michezo yetu siku ya Uhuru, na yote yaliyotangulia tunayahesabu kuwa mambo ya wakoloni, ilhali waliokuwa wakitoka jasho uwanjani ni babu zetu. Waganda hawana tatizo hilo kwa kiasi chetu, labda kwa sababu hakuna aliyelichukua kombe hilo mara nyingi kuwashinda wao.

Zanzibar haikuwahi kulitwaa likiitwa Gossage, lakini faida iliyoipata ni kubwa kuliko kikombe. Wapo wanaouliza kwa nini visiwa hivyo vina timu yao katika michuano ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, wakati nchi ni moja, na swali hilo lilisikika tena mwaka 2017, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipoipa Zanzibar uanachama kamili na kuuondoa baada ya miezi michache tu. Jibu linaanzia mwaka 1949, miaka kumi na mitano kabla ya Muungano, Zanzibar ilipoingia katika Gossage ikiwa timu inayojitegemea. Kombe lilibadilishwa jina mwaka 1967 likawa la Challenge, CECAFA ikaliendeleza kuanzia 1973, na Zanzibar ikabaki humo hadi ikalitwaa mwaka 1995, tena katika ardhi ya Uganda.

Ombi langu kwa gazeti lako ni kufungua maktaba yake na kuchapisha picha na taarifa za michezo hiyo katika kipindi hiki cha kuelekea 2027. Kwa mashirikisho ya soka ya nchi hizi, pamoja na lile la Zanzibar, naomba yakae pamoja yaandike orodha moja ya matokeo na ya wachezaji, kwa sababu muda hautusubiri: aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1965 sasa amevuka themanini. Waliobaki watafutwe sasa, wahojiwe wakiwa na kumbukumbu zao, na siku ya ufunguzi watengewe viti vya mbele.

Msomaji wako,
Dar es Salaam