Nikubali ajira ya shule au nimalize mafunzo kwanza?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Likoni, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika saikolojia ya ushauri nasaha. Masomo ya darasani nimeshayamaliza. Yaliyobaki ni tasnifu na mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi. Nimekubaliwa kuyafanya mafunzo hayo katika kituo kimoja cha Kisauni kinachowahudumia waraibu wa heroini, ambako wagonjwa hunywa methadoni, dawa inayotuliza hamu ya heroini, kila siku mbele ya mhudumu na pia kupata ushauri. Hiyo ndiyo kazi niliyoitamani tangu mwanzo, ila malipo hakuna. Kufika huko, feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu, lakini matatu hutoza, na baba ameshastaafu ilhali mdogo wangu bado anasoma.

Wakati huohuo, shule moja ya kibinafsi imeniahidi mshahara mzuri niwe mshauri wa wanafunzi kuanzia muhula ujao. Mwalimu mkuu anajua kwamba sijasajiliwa, na anasema hilo si neno. Kwangu ni neno kubwa, kwa sababu sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia nchini Kenya inamtaka mtu asajiliwe na bodi kabla ya kuifanya kazi hii. Isitoshe, anataka nimpelekee taarifa ya kila nitakaloambiwa. Naelewa kwamba yapo mambo ambayo mshauri hawezi kuyaficha, kama vile mtoto anapodhulumiwa au anapotaka kujidhuru, na mtoto huelezwa mpaka huo mapema, kabla hajaanza kusema. Lakini mwanafunzi akishajua kwamba kila neno lake linafika ofisini, hatakanyaga tena mlangoni kwangu, na mwenye mzigo mzito zaidi ndiye atakayekuwa wa kwanza kunikimbia.

Mgumu zaidi ni mama. Kwake yeye, kumpa mtu nasaha ni kazi ya somo, yaani kungwi, ya wazee na ya imamu, ambao hawakudai shahada wala mshahara. Basi anaponiona nataka kuuacha mshahara ili nikawasikilize mateja bure, anashindwa kunielewa. Simlaumu, kwani somo wangu alinifunza mengi ambayo sikuyapata kwa mhadhiri yeyote.

Naomba unishauri, Shangazi. Je, ni busara kuiomba shule inipe kazi nyingine kwa sasa, pengine ya kufundisha kwa saa chache, bila kuitwa mshauri, hadi nitakaposajiliwa, au kwa kufanya hivyo nitakuwa nimejifungia mlango? Na mama nimweleze vipi, bila kuonekana kuwa nawadharau wale walionilea, kwamba mafunzo haya yasiyo na malipo ndiyo njia ya kuifikia kazi yenyewe? Kituo kinasubiri jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa